Nembo: Kutoka Ngozini hadi Kwenye Barua Pepe

Wapenzi wa lugha, neno nembo halikuzaliwa ofisini. Leo tukilitamka, macho yanakimbilia karatasi zenye picha juu, milango ya benki, fulana za timu za mpira na mifuko ya saruji. Lakini mfungue kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, mtalikuta neno hili likitajwa kwa maana ya alama ya kabila iliyochanjwa mwilini. Huko ndiko lilikoanzia safari. Nembo ilikuwa chale. Ilitojwa usoni, kifuani au tumboni kwa kisu kidogo, ikapakwa makaa yaliyosagwa, ikapona polepole na kubaki na mwenyewe hadi kaburini.

Sisi wa kusini mashariki mwa Tanzania hatuhitaji kamusi kutuambia hayo. Katika kata ya Mandawa, wilayani Ruangwa, ambako Wamwera wanaishi pamoja na Wamakua, Wayao na Wamakonde, kizazi changu kiliwahi kuwaona wazee wa mwisho waliobeba nembo zao usoni. Ndugu zetu Wamakonde huziita dinembo. Hata sikio lisilo la mtaalamu husikia undugu wa maneno hayo mawili. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na mistari iliyovunjika kama mawimbi juu ya mashavu yote mawili. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza ilikuwa ya nini. Akasema: "Ili nikipotea, anayeniokota ajue pa kunirudisha."

Nimelichukua jibu hilo kuwa tafsiri bora ya nembo kuliko zote nilizosoma. Ndani yake mna mambo mawili. La kwanza, nembo inasema mtu ametoka wapi. La pili, na ndilo zito zaidi, nembo ile haikuweza kuazimwa. Jirani hakuweza kuja asubuhi akaivaa, akaenda nayo mnadani na kuirudisha jioni. Aliyeitaka ilimlazimu akae chini ya kisu, mbele ya watu wake, kwa damu na maumivu yake mwenyewe. Alama na mwenye alama walikuwa kitu kimoja.

Desturi ile ilififia, nasi hatuna haja ya kuililia. Maumivu yake yalikuwa ya kweli. Neno ndilo lililobaki, likahama kutoka ngozini kwenda kwenye karatasi. Likakutana huko na ndugu zake: chapa, ambayo hupigwa, rajamu, neno zuri tunaloliacha life, la alama ya mwenye bidhaa, mhuri, ambao hugongwa, lakiri, ile nta iliyoyeyushwa juu ya bahasha ili atakayeifungua njiani aumbuke, na sahihi, neno ambalo kwangu ni la ajabu kuliko yote, kwa kuwa Kiswahili kilichukua sifa ya Kiarabu yenye maana ya kitu cha kweli kisicho na kasoro, kikaifanya pia jina la mkwaruzo wa kalamu chini ya waraka. Kutia sahihi ni kutia ukweli. Ndivyo lugha ilivyotarajia.

Tatizo ni kwamba nembo ilipohamia kwenye karatasi ilipoteza ile sifa ya pili. Iliendelea kusema "nimetoka mahali fulani", lakini sasa yeyote aliweza kuisemesha. Na ilipohama tena, kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kioo cha simu, hata gharama ya wino ikaondoka.

Miaka michache iliyopita mpwa wangu, kijana aliyehitimu chuo na kurudi Mandawa kumsaidia mama yake shambani, alinitumia kwa simu picha ya barua pepe. "Shikamoo mjomba. Nimeitwa kazini." Juu ya barua hiyo palikuwa na Nembo ya Taifa, nayo haikuwa imechorwa vibaya: ngao, mlima, mwanamume na mwanamke walioshika pembe za ndovu, na utepe wa Uhuru na Umoja. Chini palikuwa na mhuri wa duara na sahihi ya buluu. Katikati, kwa Kiswahili cha ofisini kisicho na kosa hata moja, aliagizwa alipe shilingi 85,000 za "uhakiki wa vyeti" kabla ya siku ya Ijumaa, kwa namba ya simu iliyotajwa.

Dada yangu alikuwa ameuza ufuta wiki ile. Fedha zilikuwa mezani tayari, zimefungwa kwenye kitambaa. Majirani walikuwa wamekwisha kuja kutoa pongezi, na mama mmoja alileta kuku.

Nilimpigia kijana, nikamwomba asome kwa sauti anwani iliyotuma, herufi kwa herufi, si jina linaloonekana juu yake. Akasoma. Haikuishia na go.tz, kama zinavyoishia anwani za taasisi za serikali yetu. Ilikuwa ya huduma ya bure, ambayo mtu yeyote hufungua kwa dakika tano. Palikuwa kimya kwa muda. Kisha akaniuliza swali ambalo limenisukuma kuandika makala haya: "Lakini mjomba, mbona ina nembo?"

Fedha hazikutumwa, na kuku alirudishwa kwa mwenyewe, ingawa alikataa kumpokea. Kilichopotea hakikuwa fedha. Kijana alikuwa ameishi siku mbili kama mtu aliyeitwa, kisha akaishi wiki nzima akiwaeleza watu, mmoja baada ya mwingine, kwamba hakuitwa. Barua ilikuwa ya uongo. Furaha ya nyumba ile ilikuwa ya kweli.

Nikataka kujua kwa nini barua pepe inaweza kusema uongo kirahisi namna hiyo. Jibu ni la kale kwa kipimo cha mambo ya kompyuta. Kanuni ya kusafirisha barua pepe iliandikwa na Jonathan Postel mwaka 1982, zama ambazo watumiaji wa mtandao walikuwa wachache na wengi wao wakifahamiana. Ndani ya kanuni ile, anayetuma hujiandikia mwenyewe jina la mtumaji. Hakuna anayemwuliza. Ni kama posta inayopokea bahasha yoyote iliyoandikwa nyuma "kutoka kwa Mkuu wa Wilaya", kisha inaipeleka, maana kazi yake ni kupeleka tu.

Baadaye wahandisi wakaanza kuweka walinzi, mmoja baada ya mwingine. Nitawaeleza kwa lugha ya kwetu, kwa kuwa nimeona maelezo mengi yakikimbilia Kiingereza mahali ambapo Kiswahili kina maneno tele.

Mlinzi wa kwanza, aitwaye SPF, alichapishwa mwaka 2006. Kazi yake ni orodha. Mwenye jina la mtandao, yaani kikoa, hubandika hadharani majina ya seva anazoziruhusu kumtumia barua. Seva inayopokea hutazama: je, mjumbe huyu yumo katika orodha ya aliyemtuma? Ni sawa na mzee wa mji anayetangaza barazani: "Wajumbe wangu ni hawa watatu, mwingine akija kwa jina langu, simjui."

Wa pili ni DKIM, aliyekuwa kanuni rasmi mwaka 2007. Huyu ni lakiri. Seva inayotuma huipitia barua, hukokotoa kutoka katika maneno yake namba ndefu, kisha huifunga namba hiyo kwa ufunguo wa siri. Ufunguo mwenzake, ule wa kuhakikishia, hubandikwa hadharani. Barua ikifika, anayepokea hukokotoa upya. Ikiwa herufi moja imeguswa njiani, hesabu hazilingani, na lakiri huhesabiwa kuwa imevunjika.

Washairi mtaitambua hila hii kabla ya wahandisi. Kabla ya karatasi kuenea, beti zilisafiri midomoni, na kilichozilinda ni vina na mizani. Nimetunga ubeti mmoja kwa ajili ya mfano:

Nembo si rangi na sura, ni shahada ya ukweli,
Mwongo huichora bora, apite kama wakili,
Barua pasi ishara, ya mwenyewe wa asili,
Rudisha bila hasira, ikatafute mahali.

Mtu akikosea na kusema "mwongo huichora vizuri", sikio litamkamata papo hapo: mizani imekuwa tisa badala ya nane, na kina cha kati kimepotea. Lakiri imevunjika. Hata hivyo ulinzi wetu una tundu. Anayeijua kazi anaweza kuondoa "wa asili" akaweka "wa adili". Mizani itatimia, kina kitatimia, na maana itakuwa imehama. DKIM haina tundu hilo, kwa sababu haisikilizi mlio wa neno. Inahesabu kila herufi. Lakini vina na mizani vilitangulia karne nyingi katika wazo lilelile: kwamba ujumbe unaweza kubeba ndani yake kipimo cha kuonyesha kama umeguswa.

Wa tatu ni DMARC, aliyechapishwa kama waraka wa kanuni mwaka 2015. Huyu hutazama kama jina analoliona msomaji juu ya barua linaafikiana na lile lililothibitishwa na walinzi wawili wa kwanza, kisha hufuata agizo la mwenye kikoa kuhusu barua zilizoshindwa: ziachwe zipite, ziwekwe kando pamoja na taka, au zikataliwe mlangoni. Mstari wangu wa mwisho hapo juu ni agizo la DMARC la namna ya tatu.

Walinzi hawa wote hufanya kazi gizani. Msomaji wa kawaida hawaoni. Mpwa wangu hakuwaona, na hata wangekuwepo asingejua. Ndipo likaja jambo la nne, liitwalo BIMI, ambalo linahusu nembo yenyewe. Mwenye kikoa aliyekwisha kuwaweka walinzi watatu, na aliyeagiza kwamba barua za kughushi ziwekwe kando au zikataliwe, huruhusiwa kutangaza hadharani mahali ilipo nembo yake. Barua yake ikifika na kupita ukaguzi, sanduku la barua la anayepokea huichukua nembo hiyo na kuionyesha katika kiduara kilicho kando ya jina la mtumaji, kabla barua haijafunguliwa. Gmail ya Google ilianza kuonyesha nembo hizo kwa watumiaji wote Julai 2021, Apple ikafuata kwa iOS 16 mwaka 2022, na Mei 2023 Gmail ikaongeza tiki ya buluu.

Angalieni tofauti ya mahali. Nembo aliyoiona mpwa wangu ilikuwa tumboni mwa barua, na tumbo la barua hujazwa na anayeandika. Nembo ya BIMI hukaa kwenye paji la uso, nje ya mkono wa mwandishi. Anayeiweka hapo ni mwenye sanduku, baada ya kuuliza na kuridhika. Ili iwekwe kwa hadhi ya tiki ya buluu, lazima pia pawepo cheti kutoka kwa mamlaka ya vyeti, inayohakikisha kwamba nembo imesajiliwa kisheria kama alama ya biashara na kwamba anayeomba ndiye mwenyewe. Nilipolielewa hilo nilimkumbuka bibi. Watu hawa, baada ya miaka 40 ya barua zisizo na uso, wanahangaika kuirudisha nembo ngozini: kuifunga alama kwa mwenye alama ili isiazimike.

Je, wamefaulu? Kwa sehemu. Juni 2023 mtaalamu mmoja wa usalama alionyesha barua ya kitapeli iliyomfikia ikiwa na nembo ya kampuni kubwa ya vifurushi na tiki ya buluu kando yake. Mtapeli alikuwa amepenya kupitia udhaifu wa ile orodha ya wajumbe. Google ikajibu kwa kulazimisha lakiri ya DKIM kwa yeyote anayetaka tiki. Kisu kilichongwa zaidi.

Lakini kuna kasoro ambayo kisu hakiwezi kuiponya, na mkulima wa Ruangwa anaijua. Korosho na ufuta wetu huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, kupitia vyama vya msingi vilivyo chini ya chama kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limefumwa kutokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Gunia lenye jina la chama linakuambia limetoka chama gani. Halikuambii kama chini kabisa, mahali mkono usipofika, pana mawe. BIMI inasema ni nani. Haisemi kama ni mwema. Anayedhani tiki ya buluu ni cheti cha uadilifu amesoma kisichoandikwa.

Kisha pana suala la nani anaruhusiwa kuwa na uso. Huduma ilipoanza mwaka 2021, ofisi za usajili ambazo alama zake zilikubaliwa kwa vyeti hivyo zilikuwa za Marekani, Kanada, Umoja wa Ulaya, Uingereza, Ujerumani, Hispania, Japani na Australia. Hapakuwa na ofisi hata moja ya Afrika. Alama iliyosajiliwa BRELA, Dar es Salaam, ni halali mbele ya mahakama zetu, lakini haikutosha kuvaliwa kwenye paji la barua pepe. Na cheti chenyewe kiliuzwa kwa zaidi ya dola 1,000 kwa mwaka. Mwaka 2024 ulifunguliwa mlango wa pili: cheti kisichodai usajili, bali uthibitisho kwamba nembo imetumika hadharani kwa angalau mwaka mmoja, Gmail huionyesha nembo hiyo bila tiki ya buluu. Ni hatua. Hata hivyo piga picha ya chama cha msingi cha wakulima kinachotaka kumwandikia mnunuzi wa ufuta ng'ambo. Mtapeli anayejifanya ndicho hahitaji kulipa chochote. Wenyewe wa haki ndio wanaotozwa ili waaminiwe.

Ni kweli, wengi Mandawa hawasomi barua pepe kila siku. Utapeli huwafikia kwa ujumbe mfupi wa simu, ule wa "ile hela nitumie kwenye namba hii", ambao Watanzania tumeupokea hadi tukautungia vichekesho. Dawa iliyochaguliwa huko nayo ilirudi ngozini moja kwa moja: usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019 na kufikia ukomo wake Januari 20, 2020. Nilishuhudia wazee wakibonyeza dole gumba kwenye kile kifaa mara nne, mara tano, kwa sababu jembe lilikuwa limekwisha kula mistari. Mwili uliofanya kazi sana ulikataa kusomeka. Na ujumbe wa kitapeli haukukoma. Hadi leo Mamlaka ya Mawasiliano inatuomba tuzitume namba za matapeli kwenda 15040.

Sasa nigeuke kwetu, wenye baraza hili. Ushairi wa Kiswahili una desturi ndefu ya mtumaji kujitaja. Mwana Kupona, katika beti za mwisho za utendi aliomtungia binti yake mwaka 1858, aliacha jina lake na mahali alipozaliwa. Washairi wa magazeti, tangu enzi za Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, walimaliza kwa jina, lakabu na mji wao. Ustadh Andanenga alijulikana kwa Sauti ya Kiza kama wengine wanavyojulikana kwa sura zao. Lakini ubeti wa jina ni nembo ya tumboni. Aliyeandika shairi ndiye aliyeandika jina, na anayenakili anaweza kulifuta akaweka lake. Kila wiki naona mashairi yakipita katika makundi ya simu, kaditama imekatwa, jina jipya limepachikwa, na mwenye kazi hana lakiri ya kuonyesha.

Kilichowalinda waliotangulia hakikuwa jina peke yake, bali watu waliosimama kati ya shairi na msomaji. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, zilitufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua alizikumbuka, W. E. Taylor akazipokea na kuzihifadhi, na William Hichens akazitoa kitabuni mwaka 1940. Huo ni mnyororo wa mashahidi. Mhariri wa ukurasa wa mashairi naye alikuwa mwenye sanduku: aliuliza kabla ya kuliweka jina kwenye paji. Tunapofungua kurasa zetu wenyewe, kazi hiyo haijafutwa, imehamia kwetu. Anayesambaza shairi bila kuuliza limetoka kwa nani ni posta ya mwaka 1982.

Nimalizie na mambo mawili ya vitendo, moja la chama na moja la lugha. Nachingwea na Ruangwa nimewaambia makatibu wa vyama kadhaa wanaoniuliza kuhusu nembo katika barua pepe: mkiwa na kikoa chenu, wekeni kwanza orodha, lakiri na agizo. Hivyo vitatu havitozwi ada ya cheti. Vinahitaji fundi mwaminifu na nusu siku. Nembo inaweza kusubiri. Bila walinzi hao, hata ikichorwa kwa dhahabu ni chale iliyochorwa kwa mkaa, na mvua ya kwanza itaiosha.

La lugha ni ombi. Jambo hili litapata jina la Kiswahili, na tusipolipa sisi litajiita lenyewe kwa lugha nyingine. Napendekeza SPF tuiite orodha ya wajumbe, DKIM lakiri, DMARC agizo la mlangoni. Kwa BIMI nimesita kati ya rajamu thabiti na nembo ya paji. La kwanza lingefufua neno linalozimika. La pili lingemfanya hata asiyejua kompyuta aelewe nembo iko wapi na kwa nini mahali pake ni muhimu. Mimi naelemea la pili. Mwenye neno bora alilete, na tafadhali alilete kwa jina lake.